NAS inapiga kelele, diski moja inagonga, fundi anataka azifomati zote mbili: uanzie wapi?

Swali: "Habari mtaalam. Mimi na mume wangu tunapiga picha na video za harusi hapa Tanga. Kazi zetu zote pamoja na picha za familia zipo kwenye NAS, kile kiboksi cha diski kinachokaa kwenye mtandao wa nyumbani, ya diski mbili za 4TB, tulinunua miaka mitano iliyopita, tukaambiwa ni RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili, kwa hio hata diski moja ikifa hatupotezi kitu. Wiki iliyopita umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena, kama mara tatu usiku mmoja. Toka hapo mashine inalia bip bip haiachi, taa ya diski ya pili imekua ya chungwa na kwenye ukurasa wake imeandika Degraded. Hio ya pili ukiweka sikio inagonga tk tk tk. Laptop ya kazi ile draivu Z imeweka alama nyekundu inasema haipatikani, cha ajabu app ya simu inafungua picha vizuri tu. Na kabla hata ya haya, toka kampuni ya intaneti watubadilishie rauta mwezi uliopita, kukopi kumekua polepole, zamani ilikua kama 100MB kwa sekunde sasa haizidi 11. Fundi mmoja anasema nimpelekee diski zote mbili azifomati zirudi upya, mwingine kasema ile mbovu niilaze friza usiku mmoja. Tuna kama 2.3TB na kuna harusi mbili hatujawakabidhi wenyewe. Mume wangu yuko Dodoma, tulifunguliwa njia ya kuingia kutoka nje kwa hio na yeye anaziona. Je tumepoteza? Tununue mashine mpya au tuhamie klaudi?"

Pole sana dada yangu. Nianze na unachotaka kusikia: kwa ulivyoeleza, picha zipo. App ya simu inafungua picha vizuri, kwa hio unachokiona kwenye simu saivi inaelekea kinasomwa kutoka diski ya kwanza ambayo bado inafanya kazi. Ila ni hio hio moja tu, haina mwenzake tena, ndio maana ya lile neno Degraded, ikizingua leo usiku hakuna pa kukimbilia. Kwa hio kila utakachoshauriwa, na mimi au na mtu mwingine, kipime kwa swali moja: je hiki kinaihatarisha ile diski inayofanya kazi kabla sijatoa nakala? Kama kinaihatarisha basi kisubiri, hata kama anayekwambia ni fundi wa miaka ishirini.

Yamekupata mambo matatu kwa mpigo na wewe unayaona kama tatizo moja, ndio mana yanatisha. Draivu Z kupotea ni jambo la kwanza, speed ya 11 ni la pili, diski kugonga ni la tatu. Mawili ya mwanzo hayahusiani na diski kabisa, ni ya mtandao na utayamaliza mwenyewe ukiwa nyumbani. Nitayafikia, tuanze na nakala.

Tafuta diski ya nje ya USB ya 4TB, uichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB la NAS yenyewe. Usipitishe kwenye laptop. Sababu ni hesabu tu: 2.3TB kwa speed yako ya 11MB kwa sekunde ni masaa kama 58, yaani siku mbili na zaidi diski mzee inasomwa bila kupumzika, wakati ukichomeka USB 3 kwenye mashine yenyewe na ikaenda kwenye 100MB kwa sekunde ni masaa sita na nusu hivi. Tofauti hio kwa diski ya miaka mitano iliyotoka kupigwa na umeme ni kubwa sana. Ndani ya NAS kuna programu ya kutoa nakala kwenda USB, tumia hio, au fungua ile sehemu ya mafaili ukopi folda kwa folda. Kopi tu, usikate na kubandika, mana ukikata na katikati ya safari umeme ukaenda unabaki unajiuliza faili liko upande gani. Kama utataka diski hio ya nje isomeke kwenye Windows na Mac pia, ifomati exFAT kabla ya kuanza, na hakikisha mara mbili kwamba unayoifomati ni hio mpya ya nje, soma jina na ukubwa wake kabla hujabonyeza.

Mpangilio wa kukopi una maana pia. Anza na zile harusi mbili ambazo hujawakabidhi wenyewe, alafu picha za familia, alafu ndio kazi za zamani ambazo wateja washachukua zao. Watu wengi wanaanza juu kwenda chini kwa alfabeti, diski inakata roho ikiwa imefika herufi K na kitu cha maana kilikua kwenye W. Wakati inakopi zima ile ya simu kupakia picha zenyewe kila mkipiga, mwambie na mume wako Dodoma asiingie kwa muda, tuipunguzie kazi. Kelele ya bip kuna kitufe cha kuinyamazisha kwenye mipangilio ya mashine, izime kichwa chako kitulie, haisaidii chochote ukishajua. Na kama kuna jirani au ofisi unaweza kuazima UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwa usiku mmoja, azima.

Ukimaliza usiamini ile "imekamilika" peke yake. Fungua diski ya nje kwenye laptop, linganisha idadi ya mafaili ya kila folda na ukubwa wake, alafu fungua video kadhaa kubwa uburute mpaka mwisho, mana video iliyokatika katikati mara nyingi inafunguka vizuri mwanzoni na unakuja kugundua mbele ya mteja.

Utaniuliza, je ile inayogonga niiache ndani? Kama kukopi kunaenda, iache ilivyo, usiguse. Mashine ilishaitoa kwenye kundi la RAID na haiandiki chochote kule. Ila kuna wakati diski mbovu inaisumbua mashine nzima, kila ikigonga kila kitu kinaganda dakika nzima, hapo inabidi utoke nayo. Zima mashine kwa kupitia menyu yake mpaka taa zizime zenyewe, usichomoe ukutani, alafu toa diski ya pili uwashe na ya kwanza peke yake. Hata hapa kuna hatari kidogo, diski ya miaka mitano ikizimwa kuna uwezekano wa kugoma kuwaka, ndio mana nasema usifanye hivo kama sio lazima. Na kabla ya kuvuta chochote, fungua ukurasa wa diski kwenye mashine uandike namba ya utambulisho ya diski ya pili, yaani ile serial, alafu ukiivuta linganisha na karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Kuna watu wengi wamepoteza kila kitu kwa kuvuta ile nzima, wakahesabu nafasi kutoka upande usio sahihi.

Sasa hao mafundi. Simlaumu yule wa kufomati, kwa kompyuta za kawaida kufomati kunatibu mambo mengi, ila hapa angewamaliza. Diski za NAS nyingi zimepangwa kwa mfumo wa Linux, ext4 au Btrfs, Windows haiutambui. Ukichomeka diski hio kwenye kompyuta ya Windows itakuletea ujumbe kwamba diski haijaandaliwa na inaomba ruhusa iifomati, wakati ndani picha zote zipo salama. Mtu asiyejua anabonyeza ndio. Uzuri wa RAID 1 ni kwamba kila diski peke yake ina kila kitu, kwa hio hata mashine yenyewe ingekufa, mtu anayejua Linux anachomeka hio diski ya kwanza anaifungua kwa kusoma tu bila kuandika na anatoa mafaili.

La friza ndio usilijaribu kabisa. Ni ujanja wa zamani sana ulikua unasemwa kwa diski za kizazi kile. Ndani ya diski vichwa vya kusomea vinapaa juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, hata chembe ya vumbi ni kubwa kuliko hio nafasi. Ukiitoa kwenye friza kwa hewa ya Tanga ilivyo na unyevu, inatokwa jasho dakika hio hio, kwenye bodi yake na pengine mpaka ndani, alafu unaizungusha kwa mizunguko 5,400 kwa dakika na hayo maji. Diski ambayo mtaalamu angeweza kuitoa mafaili inatoka hapo haiwezekani tena.

Kwa nini inagonga? Mara nyingi ni vichwa vinajaribu kusoma alama za kuongozea, vinashindwa, vinarudi pembeni, vinajaribu tena. Hio tk tk ni hivo vichwa kugonga mwisho wa safari yake. Lakini kuna uwezekano mwingine ambao watu hawaufikirii, na kwa historia yako ya umeme nauangalia kwa makini: adapta. Ile adapta nyeusi ya volti 12 inayolisha NAS. Diski kubwa ikianza kuzunguka inahitaji kama ampea 2 kwenye volti 12, ikishatulia inashuka sana. Adapta iliyochoka, imekula miaka mitano ya joto na umeme wa kupanda na kushuka, inaweza kuonyesha taa yake vizuri kabisa ila diski mbili zikitaka kuanza kwa pamoja volti inaanguka, diski moja inakosa nguvu, inagonga, inajaribu tena. Mtu anatupa diski isiyo na kosa ananunua nyingine, mpya nayo inagonga.

Utazitofautisha kwa SMART, ambayo ni kumbukumbu diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Kwenye ukurasa wa diski itafute, utakuta jedwali la namba namba. Usiogope urefu wake, angalia chache tu. Namba 5 ni sekta ambazo zimeshaharibika zikahamishiwa akiba. Namba 197 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuona. Namba 198 ni zilizoshindikana. Hizi tatu uangalie ile safu ya mwisho ya thamani halisi, inatakiwa iwe sifuri. Kama diski ya pili ina mamia kwenye namba 5 au 197 basi hio imekwisha, hakuna mjadala. Kama zote ni sifuri na inagonga tu umeme ukirudi, tafuta adapta nyingine ya volti ile ile na ampea ile ile au zaidi, ujaribu ukishatoa nakala. Namba 199 ni tofauti, hio inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine, ikipanda mara nyingi ni mguso wa tundu au vumbi, diski inaweza kuwa haina kosa. Na namba 9 ni masaa iliyofanya kazi, mwaka mmoja una masaa 8,760 kwa hio yenu itakua karibu na 43,800.

Hayo masaa ndio yananipa wasiwasi kuhusu diski yako ya kwanza, na ndio mana nimesisitiza nakala kabla ya matengenezo. Zote mbili mlizinunua siku moja, zimezunguka masaa yale yale, zimepigwa na umeme ule ule. Ukiweka diski mpya, mashine itaanza kuijenga, yaani itaisoma diski ya kwanza yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka hata pembe ambazo hazijaguswa miaka mitatu. Hio ndio kazi nzito kuliko zote ambayo diski hio imewahi kufanya. Kama kuna sekta mbovu imejificha inajulikana hapo, katikati ya ujenzi. Mtu mwenye nakala pembeni anakunywa chai, asiye nayo anaomba dua. Kwa hio angalia SMART ya diski ya kwanza leo hii, kabla ya kitu kingine.

Tuje kwenye draivu Z. Kila kifaa nyumbani kinapewa anwani na rauta, ile ya 192.168 kitu kitu. Umeme ulipokatika mara tatu rauta iliwaka upya, ikagawa anwani upya, NAS ikapata nyingine. Laptop bado inaitafuta kwenye ile ya zamani haikuti mtu. App ya simu inamtafuta kwa jina ndio mana yenyewe haikupotea. Ingia kwenye rauta, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utaiona NAS na anwani yake mpya, andika hio kwenye laptop itafunguka. Alafu hapo hapo kwenye rauta kuna sehemu ya kuihifadhia kifaa anwani yake kwa kutumia namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe kwenye mtandao, ifanye, umeme ukate ukirudi anwani itakua ile ile. Watu wengine watakwambia uwashe SMB ya kwanza (toleo la zamani la njia ya kushirikiana mafaili) kwenye Windows ili draivu ionekane, usikubali, huo ni mlango wa zamani ambao virusi vya WannaCry vilipitia Mei 2017 na Windows mpya wanauzima makusudi.

Na hio 11. Nilipoisoma tu nilijua, mana namba hio ina sababu moja inayojirudia. Mtandao wa waya wa gigabiti unatoa kama 110MB kwa sekunde kwa uhalisia, mtandao wa megabiti 100 unatoa 12.5 kwenye makaratasi na 11 na kitu kwenye maisha. Wewe umeshuka kutoka gigabiti kwenda mia, kamili kabisa, na diski haina kosa hapa. Kuna mawili. Huenda rauta mpya waliyokuletea matundu yake ya waya ni ya megabiti 100 tu, zipo nyingi hivo za kugawa kwa wateja. Au walipokua wanahamisha waliukunja waya au waliweka waya mwingine. Waya wa neti una nyaya nane ndani, gigabiti inazihitaji zote nane, megabiti 100 inatumia nne tu. Mmoja ukikatika ndani kwa kubanwa na kabati au kutafunwa na panya, vifaa vinashuka kimya kimya kwenda mia na hakuna ujumbe wowote utakaoona. Fungua ukurasa wa mtandao kwenye NAS na kwenye laptop, vitakuonyesha kila kimoja kimeunganishwa kwa 100 au 1000. Ukikuta kimoja ni 1000 na kingine 100, badilisha waya wa huyo wa 100, weka Cat5e au Cat6 wa kununua uliokamilika. Ukikuta vyote ni 100 na waya ni mzuri, nunua swichi ndogo ya gigabiti ya matundu matano, chomeka NAS na laptop humo alafu waya mmoja uende kwa rauta. Kazi zenu za video zitarudi speed yake bila kumgusa mtu wa intaneti.

Nirudi kwenye kile mlichoambiwa dukani, kwamba kwa RAID 1 hampotezi kitu. Sio uongo mtupu ila ni nusu ya habari na hio nusu iliyobaki ndio inaumiza watu. RAID 1 ni kama karani anayeandika hesabu kwenye madaftari mawili kwa wakati mmoja: daftari moja likiliwa na mchwa lingine lipo, ila akikosea au akifuta mstari, amefuta kote. Mtoto akifuta folda, imefutika diski zote mbili sekunde hio hio. Mwizi akibeba kiboksi amebeba zote. Radi, moto, bomba kupasuka, yote hayo yanazikuta zikiwa zimekaa pamoja. RAID inawasaidia kazi isisimame diski moja ikifa, na imefanya hivo wiki hii, imewaokoa. Bakapu ni kitu kingine kabisa, kinakaa mbali na mashine.

Hapo kuna jambo la ile njia ya kuingia kutoka nje, ambalo wewe umelitaja kwa kupita ila mimi limenikaa. Kama aliyewafungulia alifungua njia kwenye mipangilio ya rauta (port forwarding) inayoelekea moja kwa moja kwenye NAS, ukurasa wenu wa kuingilia uko wazi kwa dunia nzima na kuna programu zinazopita intaneti usiku na mchana kutafuta kurasa kama hizo. Juni 2021 wengi wenye mashine za WD (Western Digital) My Book Live waliamka wakakuta zimefutwa zote zikiwa sebuleni kwao, na Januari 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga mafaili ya wenye NAS za QNAP zilizokua wazi namna hio na kudai walipwe kwa bitcoin. RAID haiwezi kuzuia mambo kama hayo. Funga njia hio kwenye rauta leo. Mume wako anaweza kuingia kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa, au programu kama Tailscale ambayo mnaweka kwenye NAS na kwenye simu yake bila kufungua kitu kwenye rauta. Na akaunti ile ya admin iliyokuja na mashine izimwe, kila mmoja awe na yake, paswedi ndefu na ile namba ya pili ya kuthibitisha kwenye simu.

Je, mnunue mashine mpya? Kwa maelezo haya hapana, mashine inafanya kazi, hela iwekeni kwenye diski. Mtanunua moja ya NAS yenye 4TB au zaidi, haiwezi kuwa ndogo kuliko iliyopo hata kidogo, na ikishajengeka vizuri mkipata hela baada ya miezi michache mbadilishe na ile ya kwanza pia kwa umri wake. Uliza kitu kimoja dukani: inaandika kwa CMR au SMR, mnataka CMR ambayo mistari yake haipandani. Ile ya SMR inapandanisha mistari ya data ili ibane nafasi, kwa kukopi kawaida hutaona shida ila kwenye kujenga RAID inakwama na kuburuza. Mwaka 2020 WD walilazimika kukiri kwamba baadhi ya WD Red za 2TB mpaka 6TB zilikua SMR bila kuandikwa, baada ya hapo za CMR wakaziita Red Plus. Na ukifika nayo nyumbani angalia namba 9 ya SMART kabla ya kutupa risiti, diski mpya inatakiwa iwe na masaa karibu na sifuri. Diski zilizotumika kusafishwa na kuuzwa kama mpya zipo madukani, na wauzaji wengine wanafuta hata hayo masaa, kwa hio angalia pia mikwaruzo kwenye matundu ya skrubu na mguso wa dhahabu.

Ujenzi wa 4TB ukienda wastani wa 150MB kwa sekunde ni masaa saba na nusu kwa uchache, kwa uhalisia tegemea usiku kucha na asubuhi yake. Usiitumie mashine wakati huo, na usianze ujenzi bila UPS.

Klaudi ina nafasi yake ila sio kwa kila kitu. Piga hesabu ya kupakia, sio ya kupakua: kwa megabiti 10 za kupakia, 1TB inachukua siku tisa na masaa kama hujakatikiwa, na nyinyi mna 2.3. Alafu ada ni ya kila mwezi milele. Mimi ningefanya hivi kwa hali yenu: picha zilizochaguliwa na kuhaririwa, video zilizokamilika, vyeti na hati za familia, hizo ziende klaudi, haziwezi kufika hata robo ya mzigo. Zile ghafi zote zikae kwenye hio diski ya nje mliyonunua leo, na mkipata ya pili mzibadilishane, moja nyumbani imechomekwa na nyingine kwa mama au dada mtaa mwingine, kila mwezi mnabadilisha. Hio kanuni ya nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya nyumba, aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, kwa ajili ya watu wa kazi hii hii yenu. Na picha za harusi ni za watu, wengine hawataki zionekane, kwa hio diski inayotoka nje ya nyumba iwekewe paswedi ya kuficha data, na ile iliyokufa isiuzwe wala kutupwa ikiwa nzima, itobolewe na drili.

Matunzo hayachukui muda. UPS ndio ya kwanza, ya 650VA inatosha sana, NAS ya diski mbili na rauta vyote pamoja havili zaidi ya wati 30 na kitu. Ila ichomekwe na ule waya wake wa USB kwenda kwenye NAS, watu wanauacha kwenye boksi. Bila huo waya NAS haijui kwamba umeme umekatika, UPS ikiisha inaanguka vile vile. Ukiuchomeka mashine inaambiwa, inafunga mafaili, inazima yenyewe baada ya dakika utakazopanga. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka mitatu hivi kwa joto letu, ijaribu kwa kuchomoa ukutani mara moja moja ikiwa NAS imezimwa. Toa mashine ndani ya kabati la TV kama iko humo, diski ikae chini ya nyuzi 45, ikipita 50 tafuta sababu. Hapo Tanga hewa ya chumvi na vumbi vinashika kwenye feni, ipulizwe kila baada ya miezi mitatu. Weka kwenye ratiba ile tesiti ndefu ya SMART mara moja kwa mwezi, na washa ujumbe wa kwenye simu ili diski ikitetereka ujue siku hio hio. Apdeti za mashine zikubali, baada ya bakapu.

Kuna hali ambazo mimi wa mbali sifai na inabidi umuone mtu ana kwa ana. Kama diski ya kwanza nayo ina namba 197 inayopanda kila ukiangalia, au imeanza kugonga, au zote mbili zimetoka kwenye kundi, au umesikia harufu ya kuungua, zima mashine na usiiwashe tena kujaribu bahati, kila kuwasha kunapunguza. Tafuta mtu wa kuokoa data, huyo ni tofauti na fundi kompyuta wa kawaida, kwa Dar es Salaam na Nairobi wapo. Muulize kabla hujamwachia: je anatengeneza kwanza nakala nzima ya diski, sekta kwa sekta, alafu anafanyia kazi kwenye nakala? Akifungua diski anafungulia wapi, ana chumba au sanduku la hewa iliyochujwa? Mafaili akiyapata anayaweka diski gani? Akikujibu kwamba ataifungua hapo mezani, au atarudishia kwenye diski ile ile, chukua diski zako uondoke. Akijibu vizuri mpe zote mbili, hata ile iliyokufa, umeandika kwa peni ya alama ipi ilikua nafasi ya kwanza na ipi ya pili, kila moja kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na sponji pande zote, na uzibebe mwenyewe mapajani, usiziweke kwenye buti la basi.